Kwa mnaoanza kuchambua majalada: acheni kuhesabu mbinu

Msimu wa rasimu umerudi, na meza yangu imejaa uchambuzi wa majalada ya majarida kuhusu elimu. Vijana wangu, nawapenda na nataka mfaulu, ndiyo maana nasema bila kuzunguka: mmeanza vibaya, tena mmeanza pale pale walipoanza waliowatangulia. Nikifunika majina juu ya karatasi siwezi kujua ipi ni ya nani. Kila rasimu inafungua kwa "Jalada hili limetumia mbinu mbalimbali za ushawishi". Inafuata aya ya rangi, aya ya fonti, aya ya picha. Kisha ethosi, pathosi na logosi (ushawishi wa mamlaka, wa hisia na wa hoja), kila moja na mfano wake. Mwisho, kwa mshindo, mnatangaza kwamba jalada "lina upendeleo". Ajabu ingekuwa lisiwe nao! Jalada hutengenezwa na watu wanaotaka ulinunue jarida na ukubali jambo fulani. Kazi yako ni kunionyesha wanataka ukubali nini, na wamefanyaje mpaka ukakubali bila kubishana.

Sitaeleza sitiari ni nini wala takriri ni nini, hayo mnayajua. Nitapita kwenye majalada manne mliyopewa, yote ya Marekani: Time la 8 Desemba 2008, Newsweek la 15 Machi 2010, Time la 3 Novemba 2014 na Time la 24 Septemba 2018. Katika yote manne anayezungumziwa ni mwalimu, awepo kwenye picha au asiwepo.

1. Kitu kilichomo kwenye picha kiulize kinafanya kazi gani

Jalada la 2008 linamwonyesha Michelle Rhee, aliyekuwa akiongoza shule za umma za Washington, D.C., amesimama darasani ameshika ufagio. Maneno makubwa yanaahidi kueleza namna ya kuzirekebisha shule za Marekani. Rasimu zenu zinasema: "Ufagio unaashiria usafi na mageuzi." Nukta, aya inayofuata.

Ngoja kwanza. Ufagio unafagia nini? Nenda kwenye maneno madogo: yanasema kwamba vita vyake dhidi ya walimu wabaya vimempatia wanaomkubali na wanaompinga. Sasa unganisha. Hakuna mahali ambapo jarida limemwita mwalimu takataka. Limekupa ufagio, limekupa "walimu wabaya", na limekuachia wewe mwenyewe uweke kimoja juu ya kingine. Roland Barthes, mwananadharia wa Kifaransa wa ishara na maana, aliandika mwaka 1964 kwamba maneno huitia picha nanga, yaani picha yenye maana nyingi hufungwa kwenye maana moja. Mnamtaja sana Barthes kwenye utangulizi, kisha hamumtumii. Hapa ndipo pa kumtumia. Ufagio bila maneno yale ungeweza kuwa chombo cha mtu mnyenyekevu anayejitolea kusafisha darasa lake. Maneno ndiyo yaliyoufanya kuwa silaha. Na msomaji anayeunganisha mwenyewe hajioni kuwa ameshawishiwa, anajiona amegundua. Ndiyo sababu mbinu hii ina nguvu kuliko tusi la wazi.

Angalieni pia ambaye hayupo. Darasa lile halina mtoto hata mmoja. Kuna rasimu moja tu kwenye rundo hili iliyoligundua hilo, na aliyeiandika ajue kwamba nilifurahi sana, ingawa aliliweka kwenye mabano.

2. Kanusha sentensi uone kinachobaki

Jalada la Newsweek la 2010 ni ubao wa darasani. Juu yake sentensi moja imeandikwa kwa chaki, ikarudiwa na kurudiwa: lazima tuwafukuze walimu wabaya. Maneno yanayoandamana nayo yanasema huo ndio ufunguo wa kuiokoa elimu ya Marekani.

Wote mmeandika "takriri inasisitiza ujumbe". Ni kweli, na haitoshi. Ni nani huandika sentensi moja mara nyingi ubaoni? Mwanafunzi aliyeadhibiwa, anayelazimishwa kuirudia mpaka imkae kichwani. Basi kwenye jalada hili aliyeadhibiwa ni nani? Sentensi inasema "tu-", kwa hiyo ni sisi: msomaji pamoja na jarida. Tumekuwa wakaidi, ukweli tulikuwa tunaujua, na sasa tunalazimishwa kuukiri. Mwalimu hayumo ndani ya "tu-" hiyo. Ubao ni wa kwake, chaki ni ya kwake, adhabu ni ya darasani kwake, lakini nafsi ya wingi haimhusu. Mkiyaona hayo mmeshaandika aya nzima bila kutaja fonti.

Halafu fanyeni jaribio ambalo nawasihi mlifanye kwa kila kichwa cha habari. Kikanusheni. "Si lazima tuwafukuze walimu wabaya." Kimebaki nini? Walimu wabaya bado wapo. Bado wanajulikana ni akina nani. Mjadala bado ni wa kufukuza au kutofukuza. Kanusheni na sehemu ya pili: "Huo si ufunguo wa kuiokoa elimu." Elimu bado inahitaji kuokolewa, na bado kuna ufunguo mmoja mahali fulani. Yale yanayobaki baada ya kukanusha ndiyo madhanio ya jalada, mambo ambayo limeyachukulia kuwa yamekubaliwa kabla mazungumzo hayajaanza. Idadi ya wanafunzi darasani, bajeti, umaskini wa familia, mitalaa: hayo yote yameachwa nje ya mlango, na hakuna aliyesema kwa sauti kwamba yameachwa. Upendeleo wa jalada hukaa hapo zaidi kuliko kwenye rangi ya herufi.

Mwaka jana kijana mmoja alinibishia kwa nusu saa nzima kwamba "walimu wabaya" ni maneno ya kawaida yasiyo na upendeleo, kwa sababu walimu wabaya wapo kweli. Wapo, nani amekataa? Nilimuomba abadilishe neno moja: "lazima tuwafukuze wazazi wabaya", kisha "wahariri wabaya". Alicheka, akaacha kubisha. Sentensi ilianza kusikika kama madai mara tu ilipomhusu mtu ambaye hakuzoea kumwona akihukumiwa hadharani.

3. Fungua ndani

Hili nalisema kwa ukali kidogo. Jalada la Time la 2014 lina kichwa kinachozungumzia matufaha yaliyooza, na picha ya nyundo ya hakimu iliyo tayari kulipondaponda tufaha. Wengi wenu mmeandika "makala inadai kwamba walimu wameoza". Makala haijadai hivyo. Hamkuisoma, na inaonekana.

Makala ya ndani ilihusu vita vya kisheria juu ya kinga ya ajira ya walimu, yaani sheria zinazofanya iwe vigumu kumfukuza mwalimu, hasa kesi ya Vergara dhidi ya California. Juni 2014, Jaji Rolf Treu alikuwa ameamua kwamba sheria za jimbo hilo kuhusu kinga hiyo zinakiuka haki ya wanafunzi ya kupata elimu kwa usawa. Nyuma ya kesi alikuwepo David Welch, tajiri wa Silicon Valley. Wakati jalada linatoka, kesi ilikuwa imekatiwa rufaa. Chama cha walimu cha AFT (Shirikisho la Walimu la Marekani), kikiongozwa na Randi Weingarten, kilianzisha ombi la kulitaka jarida liombe radhi. Na hapa ndipo penye funzo: ombi hilo hilo lilikiri kwamba makala za ndani zilikuwa na mizani kuliko jalada. Hata waliokasirika zaidi walitenganisha jalada na makala. Nyinyi msio na hasira mmeshindwaje?

Mkishatenganisha, mtaona mambo ambayo hamkuyaona. Maneno madogo ya jalada yanasema ni karibu haiwezekani kumfukuza mwalimu mbaya, na kwamba baadhi ya mamilionea wa teknolojia huenda wamepata njia ya kulibadili hilo. Tazameni vitenzi. Mamilionea wanatenda, mwalimu anatendwa, mtoto hayumo. Tazameni "huenda": maneno yanasitasita, lakini nyundo haisitasiti hata kidogo. Mhariri akiulizwa atakuonyesha "huenda" yake, na msomaji aliyepita mbele ya kibanda cha magazeti ataondoka na nyundo. Uhusiano huo wa maneno ya tahadhari na picha ya hukumu ndio kiini cha jalada lile, na unastahili aya mbili nzima.

Kisha takwimu. Hukumu ya Treu ilitaja makadirio kwamba asilimia 1 hadi 3 ya walimu wa California hawafai kabisa. Kwa walimu 275,000 wa jimbo hilo, ni kati ya 2,750 na 8,250. Upande mmoja utasema hao ni wengi mno kwa watoto watakaokaa mbele yao, na ni hoja ya haki. Upande mwingine utasema basi asilimia 97 au zaidi hawamo. Tufaha kwenye jalada halina asilimia. Tufaha ni alama ya zamani ya mwalimu nchini Marekani, zawadi ya mtoto kwa mwalimu wake, kwa hiyo anayepigwa nyundo si mwalimu fulani asiyefaa. Ni alama ya kazi yenyewe.

Aprili 2016 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu ile, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu ya California ikakataa kuipitia upya. Jalada lilishapiga nyundo mapema.

4. Upendeleo wa unayempenda

Kosa hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na linawapata zaidi wanafunzi wazuri. Nitalieleza kupitia kwa binti mmoja aliyepita mikononi mwangu, ambaye amenikubalia nilisimulie bila kumtaja, kwa sababu anasema lingemsaidia sana kama angelisikia mapema.

Mama yake ni mwalimu. Alipopewa jalada la 2014 aliandika kwa moto: uchambuzi mkali, wenye ushahidi, uliosomeka kwa raha. Kisha akapewa la 2018. Mnalijua: Time lilitoa majalada matatu ya toleo moja, kila moja na picha ya mwalimu halisi na maneno yake mwenyewe. Moja linasema mwalimu huyo ana shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 16, anafanya kazi mbili za ziada na anatoa plazma ya damu ili alipe bili, kisha linafunga: mimi ni mwalimu Marekani. Ulikuwa mwaka wa migomo ya walimu West Virginia, Oklahoma na Arizona. Kuhusu jalada hilo binti yule aliandika ukurasa mmoja na nusu, na sentensi yake kuu ilikuwa: "Tofauti na jalada la 2014, jalada hili linaeleza ukweli bila upendeleo."

Alama zilipotoka alikuja ameumia. Hakuja kubishana, alikuja kueleza. Akaniambia kwamba aliposoma jalada lile aliona mikono ya mama yake akisahihisha madaftari usiku, akalia, akaandika huku analia. Hakudhani anachambua kitu kilichotengenezwa. Alidhani anatoa ushahidi. "Niliona ningekuwa namsaliti mama," alisema, "kama ningeandika kwamba hata hili limenishawishi." Nililiheshimu neno lake, na bado naliheshimu.

Sikumhutubia. Tuliweka rasimu zake mbili bega kwa bega, nikampa kalamu apigie mstari vitenzi alivyotumia kulieleza kila jalada. Kwenye ya kwanza: linadai, linapotosha, linachochea, linaficha. Kwenye ya pili: linaonyesha, linaeleza, linafichua, linatoa sauti. Hakuna kitenzi hata kimoja kilichovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kwamba hakuwa amechambua majalada mawili. Alikuwa amelaumu moja na kulipongeza la pili.

Tulianza upya, tukalipitisha jalada la 2018 kwenye maswali yale yale. Nani anasema? "Mimi", nafsi ya kwanza, ambayo kuipinga ni sawa na kumwita mtu mwongo usoni. Namba zinafanya nini? Miaka 16 na kazi mbili zinatoa sura ya hesabu, lakini kinachobaki akilini ni damu. Nani hayupo? Mabunge ya majimbo yanayopanga mishahara, mlipakodi, na mwalimu wa jimbo linalolipa vizuri zaidi. Sentensi ya mwisho inafanya nini? Inamgeuza mtu mmoja kuwa walimu wote wa nchi nzima, kama tufaha lilivyogeuzwa kuwa walimu wote miaka minne kabla. Kila neno la mwalimu yule linaweza kuwa kweli tupu, na jalada likabaki limechagua. Kuna walimu wengi waliokuwa na ukweli wao mwaka ule. Mhariri alichukua huu. Upendeleo si uongo. Mara nyingi ni uteuzi wa ukweli, na uteuzi huo una sababu.

Rasimu yake ya pili ilimchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote za muhula. Aliandika kwamba majalada yote mawili yanatumia mwili mmoja kubeba mamilioni: lile tunda la kupondwa, hili mwanamke anayetoa damu. Halafu, na hili ndilo lililonifanya niisome mara mbili, hakusema kwamba yanalingana. Alisema la 2018 linampa mwalimu nafasi ya kuzungumza na la 2014 linamzungumzia bila kumsikiliza, na kwamba tofauti hiyo ni ya kimaadili, haifutwi na ufanano wa mbinu. Alibaki upande wa mama yake. Safari hii alikuwa ameufikia upande huo kwa hoja.

Kwa hiyo msiniletee pia lile kosa la pili, la wanaojifunza jambo hili na kukimbilia kuandika "majalada yote yana upendeleo, msomaji aamue mwenyewe". Huo ni uvivu uliovaa suti. Ukishapima kwa kipimo kimoja, toa hukumu. Niambie ni jalada lipi linamdhulumu nani na kwa kiasi gani. Vitenzi pigieni mstari wenyewe kabla ya kunikabidhi, maana mimi nitavipigia.

5. Ya haraka haraka

Fremu nyekundu ya Time haiashirii hatari wala damu; jarida limekuwa nayo tangu 1927, na rasimu kadhaa zimeipa fremu hiyo aya nzima ya hofu. Ikiwa unataka kuiongelea, iongelee kama ethosi, mamlaka ya jarida lililozoeleka.

Andika tarehe ya toleo kwenye sentensi ya kwanza.

"Hadhira ni watu wote" ni jibu la aliyechoka. Uliza ni nani atakayesita kulinunua jalada hili, na utawajua walioandikiwa.

Usihesabu maneno ya jazanda ukaita uchambuzi.

Tasnifu yako, yaani sentensi inayobeba dai lako kuu, itaje mtu, tendo na kilichofichwa. Badala ya "Jalada la Newsweek limetumia takriri kushawishi", andika: "Kwa kumfanya msomaji aandike adhabu ubaoni, jalada la Newsweek linamtoa mwalimu kwenye 'sisi' na kuifanya kufukuza iwe njia pekee inayoweza kujadiliwa." Naona mnaanza kuinakili. Msiinakili, hiyo ni yangu, tafuteni yenu.

6. Zoezi kabla ya rasimu ya pili

Tafuteni jalada la Time la 16 Juni 1980. Kichwa chake ni kilio cha kuomba msaada, kikifuatiwa na tangazo kwamba mwalimu hawezi kufundisha. Anayelia ni nani? Ni mtoto, mzazi, au jarida? "Mwalimu" huyo wa umoja ni yupi? Kikanusheni, andikeni kila kinachobaki, kisha kiwekeni kando ya Newsweek la 2010 muone ni madhanio gani yalidumu kwa miaka 30 na ni lipi jipya. Nusu ukurasa inatosha. Asiyeleta nusu ukurasa huo sitaisoma rasimu yake ya pili, na ninyi mnajua kwamba nikisema hivyo nitaisoma tu, lakini leteni.